Programu ya Windows inapogoma: kutafuta chanzo kwa kufuata dalili

Anayeandika programu za Windows kwa C au C++ hupokea malalamiko yaleyale kila mara: haifunguki, imeganda, imejifunga yenyewe, imekataa kuhifadhi. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili jinsi watumiaji wanavyoziripoti. Chini ya kila dalili, vyanzo vinafuatana kuanzia kile kinachokutwa mara nyingi hadi kile cha nadra, na vipimo vyepesi vinatangulia vile vizito. Unamlenga mtu anayeweza kuufungua msimbo wake na kuujenga upya. Pale ambapo kazi inavuka mipaka hiyo, nimesema wazi kwamba ni wakati wa kuacha na kumwita mwenye ujuzi zaidi.

Kabla ya dalili yoyote: ishike namba ya kosa

Funksheni nyingi za Win32, yaani zile ambazo Windows huzitoa kwa programu, hueleza sababu ya kushindwa kupitia GetLastError, lakini namba hiyo huwekwa kwa kila uzi (mkondo mmoja wa utekelezaji ndani ya programu) peke yake na inaweza kufutwa na mwito wowote unaofuata. Mara kwa mara nimekutana na msimbo ambao funksheni ikishindwa huandika kwanza mstari kwenye faili la kumbukumbu za matukio, na baada ya hapo ndipo unapouliza GetLastError. Jibu linalorudi huwa limetokana na uandishi wa faili lile, mara nyingi 0, na mtumiaji anaonyeshwa ujumbe wa kuchekesha kwamba programu imeshindwa kwa sababu operesheni imefanikiwa. Namba ihifadhiwe kwenye mstari unaofuata papo hapo, kwa mfano DWORD kosa = GetLastError(); na mengine yote yaje baadaye.

Pia ujue kila funksheni inatangaza vipi kushindwa kwake. CreateFile hurudisha INVALID_HANDLE_VALUE, ambayo thamani yake ni -1, ilhali CreateEvent na CreateThread hurudisha NULL. Anayelinganisha jibu la CreateFile na NULL hataona kosa lolote mahali lilipotokea. Atakutana nalo mbele, kwenye ReadFile, likiwa limevaa sura ya kosa namba 6, yaani kishikio batili; kishikio ni thamani ambayo mfumo hukupa ili kukitambulisha kitu ulichokifungua. Namba zinazoanza na 0x8007 zinabeba kosa la kawaida la Win32 katika tarakimu nne za mwisho, kwa hiyo 0x80070005 ni kosa namba 5, la kukataliwa ruhusa. Zinazoanza na 0xC0 zinatoka ndani zaidi ya mfumo, na tutakutana nazo chini.

Dalili ya 1: msimbo unapita kwenye kompaila lakini linka inakataa

Kosa linaloripotiwa kuliko yote ni LNK2019, ambalo maana yake ni kwamba linka, yaani programu inayounganisha vipande vilivyokwisha kutafsiriwa, imeona jina linalotumika lakini haikuona mwili wake. Chanzo cha kwanza ni maktaba kutotajwa: MessageBox imo user32.lib, uchoraji umo gdi32.lib, na soketi zimo ws2_32.lib. Chanzo cha pili ni faili lako la .cpp ambalo lipo kwenye folda lakini halimo kwenye mradi.

Hayo yote yakiwa sawa, soma jina lenyewe herufi kwa herufi, kwa sababu linka imekuandikia kila kitu pale. Jina kama ?Hesabu@@YAHHH@Z limepambwa kwa mtindo wa C++, ilhali _Hesabu@8 ni la mtindo wa __stdcall wa biti 32, na ile 8 ni idadi ya baiti za hoja zake. Ukiona upande mmoja unatafuta la kwanza na maktaba ina la pili, tatizo ni tangazo lililokosa extern "C" au __stdcall, na hakuna maktaba utakayoongeza ikasaidia. Kama jina linalokosekana ni main ilhali wewe uliandika WinMain, mradi umewekwa kuwa wa konsoli. Badilisha mpangilio wa SUBSYSTEM.

LNK1112 husema vipande vya biti 32 na vya biti 64 vimechanganywa. LNK2038 husema vipande vimejengwa kwa mipangilio tofauti, kwa kawaida /MD (maktaba ya C iliyo kando) kwa /MT (maktaba ya C iliyomo ndani ya programu), au Debug (ujenzi wa majaribio) kwa Release (ujenzi wa kusambazwa). Katika hali zote mbili jenga upya vipande vyote kwa mpangilio mmoja. Chaguo la /FORCE huinyamazisha linka, lakini linahamishia tatizo kwenye kompyuta ya mtumiaji, ambako litakugharimu zaidi.

Dalili ya 2: inafunguka kwenye kompyuta yako, haifunguki kwenye nyingine

Ujumbe unaojulikana zaidi ni ule unaosema VCRUNTIME140.dll, maktaba (DLL) inayopakiwa programu inapoanza, haikupatikana. Mara nyingi kompyuta ile haina kifurushi cha Visual C++ Redistributable, ambacho toleo lake la 14 linahudumia programu zilizojengwa kwa Visual Studio kuanzia ya 2015. Kisakinishe kutoka Microsoft, na hakikisha kinalingana na programu yako: programu ya biti 32 inahitaji kifurushi cha x86 hata kama Windows yenyewe ni ya biti 64.

Angalia tena jina la faili linalodaiwa. Likiishia na herufi D, kama VCRUNTIME140D.dll, umemtumia mtu programu iliyojengwa kwa Debug, na maktaba hizo haziruhusiwi kusambazwa. Jenga Release ukaitume hiyo.

Programu ikigoma kwa namba 0xC000007B, au LoadLibrary ikirudisha kosa 193, biti zimechanganywa. Hapa majina ya folda yanawapotosha hata wazoefu: kwenye Windows ya biti 64, System32 ndiyo yenye maktaba za biti 64, na SysWOW64 ndiyo yenye za biti 32. Amri ya dumpbin /headers itakuonyesha kila faili ni la aina gani.

Kosa 126 ndilo linalopoteza saa nyingi za watu. LoadLibrary inasema moduli haikupatikana, nawe unaiona kwa macho yako kwenye folda. Ujumbe huo unahusu pia maktaba ambazo ile ya kwanza inazitegemea, na mfumo hautaji ni ipi kati yao iliyokosekana. Endesha dumpbin /dependents juu ya maktaba hiyo, kisha juu ya kila moja inayotajwa ambayo si ya Windows, mpaka uipate isiyokuwepo. Ikishindikana, washa chaguo la Show Loader Snaps kwa gflags (zana ya Microsoft ya kutafuta makosa) kisha uendeshe programu ndani ya debaga. Kipakiaji cha mfumo kitaeleza kila folda iliyopekuliwa na kila faili lililokataliwa.

Nadra zaidi, lakini ya kuudhi zaidi, ni maktaba nyingine yenye jina lilelile kupatikana kwanza. Kwa kawaida Windows hutazama folda ya programu, halafu folda za mfumo, halafu folda ya kazi ya wakati huo, na mwisho zile zilizoorodheshwa katika PATH. Namba 0xC0000139, au kosa 127 kutoka GetProcAddress, mara nyingi ni dalili kwamba maktaba imepatikana lakini ni ya toleo jingine, haina funksheni unayoiita.

Onyo: usipakue faili moja la DLL kutoka tovuti isiyo ya mtengenezaji wake, na usinakili lolote ndani ya System32 ili tu ujumbe upotee. Ukishaona mafaili ya mfumo yenyewe yamebadilishwa na hujui na nani, iache kompyuta hiyo na umkabidhi anayeshughulikia usalama wake.

Dalili ya 3: hakuna dirisha, lakini programu inaonekana kwenye Task Manager

Chanzo cha kwanza ni RegisterClassEx kushindwa kwa sababu uga wa cbSize haukujazwa; matokeo yake CreateWindowEx inashindwa kwa kosa 1407, la kutojulikana kwa aina ya dirisha. Cha pili ni kusahau ShowWindow. Cha tatu kinashangaza: CreateWindowEx inarudisha NULL, na GetLastError inarudisha 0. Hapo tazama funksheni ya dirisha lako. Ikiwa inajibu 0 kwa kila ujumbe badala ya kuupeleka kwa DefWindowProc ule usioutaka, WM_NCCREATE nao umejibiwa 0, na kwa ujumbe huo 0 ni agizo la kutoliunda dirisha.

Kwa mtumiaji mwenye skrini mbili, uliza kama ameichomoa moja. Programu inayokumbuka mahali dirisha lilipokuwa italifungua pale pale, nje ya eneo linaloonekana. MonitorFromRect itakuambia kama mahali hapo bado pana skrini.

Kinyume cha dalili hii ni dirisha kufungwa na programu kubaki hai. Karibu kila mara PostQuitMessage imesahauliwa chini ya WM_DESTROY. Mara chache kitanzi cha ujumbe kimempa GetMessage kishikio cha dirisha badala ya NULL; dirisha likishakufa, funksheni hurudisha -1, na while (GetMessage(...)) huihesabu -1 kuwa kweli, ikazunguka bila kukoma huku ikila kiini kizima cha prosesa.

Dalili ya 4: dirisha linaganda na kufifia

Windows huhesabu kwamba dirisha halijibu pale uzi wake unapokaa sekunde 5 bila kuchukua ujumbe wowote, kisha huweka badala yake kivuli chenye picha ya mwisho. Mtumiaji huita hali hiyo kuanguka, lakini programu bado iko hai, inangoja tu.

Inangoja nini? Kwa kawaida inangoja kazi ndefu iliyoandikwa ndani ya kitufe: kusoma faili kubwa, kuuliza hifadhidata, kusubiri mtandao. Ihamishie kazi hiyo kwenye uzi mwingine, na ikimalizika utumie PostMessage kulijulisha dirisha. Wengi hufika hapa, wakahamisha kazi, na dirisha likaendelea kuganda vilevile. Sababu ni kwamba uzi wa dirisha umeita WaitForSingleObject kuusubiri uzi wa kazi, na uzi wa kazi umeita SendMessage kubadilisha maandishi ya dirisha. SendMessage hairudi mpaka dirisha lijibu, na dirisha halijibu mpaka kazi iishe. Wanasubiriana milele. Kumbuka kwamba SetWindowText iliyoitwa kutoka uzi mwingine ni SendMessage iliyojificha. Tumia PostMessage, na kama kusubiri hakuepukiki kwenye uzi wa dirisha, tumia MsgWaitForMultipleObjects ili ujumbe uendelee kuhudumiwa.

Ili kujua programu iliyoganda inangoja wapi, usiifunge. Bofya jina lake kwa kitufe cha kulia kwenye Task Manager, chagua kutengeneza faili la dampu (nakala ya kumbukumbu ya programu), kisha ulifungue kwa Visual Studio au WinDbg ukatazame nyuzi zote. Msururu wa miito wa uzi wa dirisha huonyesha mara moja kinachongojwa.

Kama dirisha linajibu lakini prosesa inachemka, tazama WM_PAINT. Anayeshughulikia ujumbe huo bila kuita BeginPaint na EndPaint hajauambia mfumo kwamba eneo limeshachorwa, kwa hiyo anatumiwa ujumbe uleule tena na tena.

Dalili ya 5: inaanza vizuri, inaharibika baada ya saa kadhaa

Menyu zinakosa maandishi, vitufe vinakuwa vyeusi, dirisha jipya halifunguki, lakini kumbukumbu ya kompyuta bado ni tele. Dalili hii ina chanzo kimoja kikubwa: vitu vya GDI (vya kuchorea, kama kalamu na fonti) au vya USER (kama madirisha na menyu) vimefika kikomo, ambacho kwa kawaida ni 10,000 vya kila aina kwa programu moja.

Niliwahi kuandika programu ya kuonyesha vipimo kwa chati iliyojichora upya kila sekunde. Mtumiaji alilalamika kwamba inaharibika kila siku kabla ya mapumziko ya mchana, na nikapoteza siku mbili nikichunguza vipimo vinavyoingia saa hizo. Vipimo havikuwa na hatia. Kwenye Task Manager, chini ya Details, nilipoongeza safu ya GDI objects niliona namba ikipanda moja, moja, moja, sawasawa na mshale wa saa. Funksheni ya kuchora ilikuwa inaunda kalamu kwa CreatePen, inaangalia kama kuna kipimo kipya, na kama hakuna inatoka mapema kabla ya kufika kwenye DeleteObject. Kalamu moja kwa sekunde hufikisha 10,000 ndani ya saa 2 na dakika 46 na ushee, na mtumiaji yule aliiwasha kila asubuhi wakati uleule.

Basi kipimo cha kwanza ni hicho: ongeza safu za GDI objects, User objects na Handles, rudia tendo moja mara kumi, na uone ni safu ipi inayopanda bila kushuka. Ukishaijua safu, tafuta jozi iliyovunjika. GetDC huachiliwa na ReleaseDC, CreateCompatibleDC na DeleteDC, BeginPaint na EndPaint, CreatePen au CreateFont na DeleteObject. Kabla ya kufuta kalamu, rudisha kwanza ile ya zamani kwa SelectObject, kwa maana kitu ambacho bado kimechaguliwa kwenye eneo la kuchorea hakipaswi kufutwa. Kwa upande wa vishikio vya mfumo, mkosaji wa kawaida ni CreateProcess, inayotoa vishikio viwili, cha mchakato na cha uzi wake, na watu hukumbuka kimoja. FindFirstFile nayo hufungwa kwa FindClose, wala si kwa CloseHandle.

Marekebisho ya kudumu katika C++ ni kukifunga kila kishikio ndani ya darasa dogo ambalo kiharibio chake hukiachilia, ili hata ukitoka mapema kisisahauliwe. Kuna thamani ya Sajili (Registry, ghala la mipangilio ya Windows) iitwayo GDIProcessHandleQuota inayoweza kuongeza kikomo. Sishauri mtu aiguse: kompyuta ya mteja si yako, na uvujaji unabaki palepale.

Dalili ya 6: inajifunga ghafla

Wahenga walisema usitazame ulipoangukia, tazama ulipojikwaa, na sijui kama kuna eneo lolote la kazi hii ambako methali hiyo inatumika kama kwenye kumbukumbu. Anza na Event Viewer, kwenye kumbukumbu za Application, tukio namba 1000. Litakupa jina la moduli, namba ya kosa na mahali.

Namba 0xC0000005 ni kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa. Itazame anwani iliyoguswa. Ikiwa ndogo sana, kama 0x00000008, kielekezi kilikuwa NULL na ulikuwa unasoma uga ulio baiti 8 ndani ya muundo wake. Ikiwa 0xCDCDCDCD, ulisoma kumbukumbu iliyoombwa lakini haikujazwa. 0xCCCCCCCC ni kigeugeu cha ndani ya funksheni ambacho hakikupewa thamani. 0xDDDDDDDD ni kumbukumbu uliyokwisha kuiachilia. Alama hizi huwekwa na ujenzi wa Debug kwa makusudi, na ndiyo sababu programu inayoanguka kwenye Release peke yake mara nyingi ina kigeugeu kisichojazwa: kwenye Debug kilipata alama, kwenye Release kimepata takataka zilizokuwepo.

Namba 0xC0000374 ni uharibifu wa hipu, eneo ambalo new na malloc hupata kumbukumbu zake. Hapa mahali pa kuanguka hapana maana yoyote. Aliyeandika nje ya mpaka aliandika zamani. Mfumo umegundua sasa, pengine ndani ya funksheni isiyohusika kabisa. Jenga kwa /fsanitize=address, ambayo imo ndani ya Visual Studio tangu 2019 toleo la 16.9, nayo itasimama kwenye mstari wenyewe wa kosa. Kama huwezi kujenga upya, tumia gflags /p /enable programu.exe /full, ambayo huweka kila ombi la kumbukumbu kwenye ukingo wa ukurasa ili baiti ya kwanza inayovuka iangushe programu papo hapo. Inapunguza kasi na kula kumbukumbu nyingi, kwa hiyo ukimaliza izime kwa /disable. Mipangilio hiyo hubaki hata baada ya kuwasha kompyuta upya.

Namba 0xC00000FD ni kujaa kwa staki, kumbukumbu ya miito ya funksheni na vigeugeu vyake vya ndani. Uzi hupewa MB 1 kwa kawaida, na safu kubwa iliyotangazwa ndani ya funksheni, au funksheni inayojiita bila kikomo, huimaliza upesi. Namba 0xC0000409 inatajwa kuwa ni kufurika kwa bafa, lakini usiamini jina peke yake: abort nayo huonekana hivyo, kwa hiyo chunguza kwanza kama kuna hali ya kipekee ya C++ iliyorushwa na haikudakwa.

Programu iliyohamishwa kutoka biti 32 ina jeraha lake la pekee. Kwenye Windows ya biti 64, long bado ni baiti 4, ilhali kielekezi ni baiti 8. Kuhifadhi kielekezi ndani ya long, au kutumia SetWindowLong badala ya SetWindowLongPtr, hukata nusu ya juu ya anwani. Inaweza kwenda salama kwa wiki nzima, mpaka siku anwani itakapovuka GB 4.

Ikiwa kosa hutokea kwa mteja tu, mwombe msimamizi wa kompyuta aunde kwenye Sajili ufunguo wa LocalDumps chini ya HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\Windows Error Reporting, na DumpType iwe 2. Anguko linalofuata litaacha dampu kamili kwenye folda ya CrashDumps ndani ya %LOCALAPPDATA%. Ili uisome unahitaji faili la PDB (linalolinganisha anwani na majina ya msimbo) la ujenzi uleule uliomtumia, si la ujenzi wa leo kutoka msimbo uleule; kwa hiyo hifadhi PDB za kila toleo linalotoka nje.

Onyo: dampu kamili ina kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu, yakiwemo manenosiri na taarifa za wateja. Isitumwe kwa barua pepe ya kawaida. Na kama programu nyingi tofauti zinaanguka kwenye kompyuta hiyohiyo, kila moja mahali pake, acha msimbo wako: hifadhi data, endesha Windows Memory Diagnostic, na uipeleke kompyuta kwa fundi wa vifaa.

Dalili ya 7: ruhusa imekataliwa, au mabadiliko yanapotea

Kosa 5 mara nyingi ni programu kuandika ndani ya folda yake chini ya Program Files, au ndani ya HKLM, sehemu ya Sajili ya kompyuta nzima. Data ya mtumiaji iwekwe %LOCALAPPDATA%, nayo mipangilio iwe HKCU, sehemu ya Sajili ya mtumiaji mwenyewe. Programu za zamani za biti 32 zisizo na manifesti (maelezo yanayoitangazia Windows mahitaji ya programu) zina hali ya ajabu zaidi: kuandika kunafanikiwa, lakini Windows imelipeleka faili kisirisiri kwenye folda ya VirtualStore ya mtumiaji yule, na mtumiaji mwingine halioni. Kwenye Sajili kuna mkanganyiko unaofanana, ambapo programu ya biti 32 inayoandika chini ya HKLM\SOFTWARE hupelekwa WOW6432Node.

Kosa 740 linataka ruhusa ya msimamizi wakati wa kuanzisha programu nyingine. Kosa 32 halihusu ruhusa kabisa: faili limeshikwa, ama na kishikio chako mwenyewe ulichosahau kukifunga, ama na antivairasi inayolikagua kwa sekunde moja au mbili; hapo kujaribu tena baada ya muda mfupi hutosha. Usimwagize mtumiaji azime antivairasi au aondoe UAC (kinga ya Windows inayouliza kabla ya kutoa ruhusa ya msimamizi). Kwenye kompyuta za ofisi, ruhusa zinapangwa na msimamizi wa mtandao, na mazungumzo yafanyike naye.

Dalili ya 8: huduma ya Windows haianzi

Kosa 1053 linasema huduma haikujibu kwa wakati, na wakati huo kwa kawaida ni sekunde 30. Kwanza hakikisha StartServiceCtrlDispatcher inaitwa mapema, kabla ya kazi yoyote nzito. Ukiendesha huduma hiyo kutoka konsoli na kupata kosa 1063, hilo ni la kawaida, kwa sababu haikuanzishwa na kidhibiti cha huduma. Lakini 1053 hutokea papo hapo pia, bila sekunde 30 kupita, pale programu inapoanguka kabla ya kuzungumza, na chanzo chake mara nyingi ni maktaba iliyokosekana; rudi dalili ya 2.

Huduma inayoanza na kisha kutopata mafaili yake kwa kawaida inayatafuta System32, ambayo ndiyo folda yake ya kazi. Tumia GetModuleFileName kupata njia kamili. Haioni pia diski za mtandao ambazo mtumiaji amezipa herufi. Tangu Windows Vista, huduma hukaa kwenye kikao namba 0, mbali na skrini ya mtumiaji, kwa hiyo MessageBox ndani yake hufunguka pasipoonekana na mtu, na huduma hukaa ikingoja kitufe ambacho hakitabofywa.

Dalili ya 9: maandishi yaliyovurugika au yenye ukungu

Herufi za ajabu kwa kawaida maana yake ni kwamba maandishi ya UTF-8 yamepewa funksheni inayoishia na A. Yageuze kwa MultiByteToWideChar ukitumia CP_UTF8, kisha ita ile inayoishia na W. Ukungu kwenye skrini zenye nukta nyingi maana yake ni kwamba programu haijatangaza kuujua ukubwa wa skrini, na Windows inaivuta kama picha. Weka PerMonitorV2 kwenye manifesti, inayokubaliwa tangu Windows 10 toleo 1703, kisha ushughulikie WM_DPICHANGED. Ukiweka la kwanza bila la pili, dirisha litakuwa safi kwenye skrini moja na dogo mno kwenye nyingine.

Dalili ya 10: skrini ya bluu

Programu ya kawaida haiwezi kuleta skrini ya bluu kwa kosa lake peke yake. Kama unaandika draiva, kosa 0xD1 kwa kawaida ni kugusa kumbukumbu batili, au iliyohamishiwa diski, wakati prosesa iko kwenye kiwango cha juu cha ukatizaji. Jaribu draiva ndani ya kompyuta pepe yenye nakala ya hali ya awali, wala si kwenye kompyuta unayofanyia kazi, na huko uwashe Driver Verifier. Mfumo ukianza kujizima kila unapowaka, ingia Safe Mode na uandike verifier /reset.

Kama huandiki draiva, ishia hapa. Usizime Secure Boot wala kuwasha testsigning (hali inayokubali draiva zenye saini za majaribio) kwenye kompyuta ya mtu mwingine, kwa kuwa BitLocker, inayoifunga diski kwa siri, inaweza kudai ufunguo wake wa tarakimu 48, na asiyekuwa nao hatasoma tena diski yake. Mkabidhi mtaalamu faili la C:\Windows\MEMORY.DMP au yale yaliyomo kwenye folda ya Minidump, pamoja na toleo la Windows na tarehe draiva ya mwisho iliposakinishwa, na usisakinishe kitu kingine mpaka ayasome.